Mstari Ambao Franklin Hakuuchora

Mwanzoni mwa miaka ya 1730, katika mji wa Philadelphia, mpiga chapa mmoja ambaye hakuwa amefikisha miaka thelathini alijitengenezea kidaftari cha kukagua maisha yake. Jina lake Benjamin Franklin. Kila ukurasa aliupigia mistari kwa wino mwekundu: safu saba za wima kwa siku saba za wiki, na mistari kumi na mitatu ya kulala, kila mmoja kwa sifa moja aliyotaka kuwa nayo. Kiasi katika kula na kunywa. Ukimya. Utaratibu. Azma. Kubana matumizi. Bidii. Unyofu. Haki. Kutopita mipaka. Usafi. Utulivu. Kujizuia kimwili. Unyenyekevu. Jioni alikaa akaipitia siku yake, na kila alipokumbuka kosa alitia nukta nyeusi mahali pake.

Hakujaribu kuzishika zote kwa mkupuo. Kila wiki alielekeza nguvu kwenye sifa moja, zile nyingine akiziacha ziende kwa kadiri yake huku akiendelea kuzitilia nukta. Kiasi kilitangulia kwa sababu, kwa hoja yake, kichwa kisicho na utulivu hakiwezi kulinda kitu kingine chochote. Wiki kumi na tatu zikiisha, alianza upya. Mizunguko minne, mwaka umekwisha. Mwenyewe alijifananisha na mtu anayepalilia bustani: hang'oi magugu yote siku moja, anamaliza tuta moja ndipo aende la pili.

Haukupita muda kidaftari kikatoboka. Alikuwa akifuta nukta za zamani ili mistari ileile itumike tena, na karatasi haikustahimili. Akahamia kwenye vibao vyembamba vya pembe za ndovu: mistari myekundu ya kudumu, nukta za penseli, na sponji lenye maji la kufutia. Sehemu hii ya hadithi naipenda kuliko zote. Wengi wetu tukianza zoea jipya tunategemea moto wa siku ya kwanza. Franklin alishughulika na karatasi inayotoboka, kwa kuwa alijua usumbufu mdogo kama huo ndio unaomfanya mtu aruke siku moja, kisha mbili, kisha asahau.

Leo hutajwa kama babu wa programu zote za simu zinazotuuliza usiku kama tumesoma, tumefanya mazoezi, tumeshukuru. Sifa hiyo inamstahili. Lakini historia ya kidaftari chake ina sehemu ya pili ambayo haisimuliwi sana kwenye semina za kujiboresha. Katika miaka ileile ambayo mkono wake ulikuwa ukitia nukta kila jioni, nyumbani kwake waliishi watumwa. Na kati ya mistari kumi na mitatu, hapakuwa na hata mmoja uliomuuliza habari zao.

* * *

Desturi ya kujikagua kila siku ni kongwe kuliko Franklin. Katika Roma ya karne ya kwanza, mwanafalsafa Seneca alieleza katika kitabu chake kuhusu hasira namna alivyofanya. Taa ikishaondolewa, na mkewe aliyeijua desturi ile akishanyamaza, aliipitia siku yake yote, maneno na matendo, bila kujificha chochote. Alisema amejifunza hayo kwa Sextius, aliyekuwa akiiuliza nafsi yake kabla ya kulala imetibu ugonjwa gani leo na imekataa kosa lipi. Seneca hakuhitaji karatasi wala kalamu. Alihitaji giza, ukimya, na saa ileile kila siku. Kuzimwa kwa taa ndiko kulikokuwa kengele yake.

Tazama lakini aina ya makosa anayoyatolea mfano. Umemkaripia fulani kwa ukali kupita kiasi. Umekasirika kwa sababu karamuni ulikalishwa mahali pasipo na heshima. Umemghadhibikia bawabu wa tajiri fulani. Ni makosa ya kweli, na kila mmoja wetu anayajua. Ila ni makosa ya bwana mkubwa anayejua kwamba kesho atakuwa bado bwana mkubwa. Miaka kadhaa baadaye Seneca alikuwa mshauri wa mfalme Nero, na mwaka 59 Nero alipoamuru mama yake Agrippina auawe, barua ya kulitetea tendo hilo ilipelekwa kwenye Seneti. Mwanahistoria Tacitus anaeleza kwamba watu walimlaumu Seneca kwa kuitunga. Hakuna aandikaye alijiambia nini usiku ule baada ya taa kuondoka.

Upande wa pili wa bahari, kazi hiyohiyo ilipewa jina la kibiashara. Al-Harith al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra na kufariki Baghdad mwaka 857, alipata lakabu yake kwa sababu ya kuihesabu nafsi. Karne mbili na nusu baadaye, Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitengea jambo hili sehemu nzima ya kitabu chake kikubwa, Ihya' Ulum al-Din. Mfano wake ni wa mfanyabiashara na mshirika wake. Asubuhi unampa mtaji na kuwekeana masharti. Mchana unamwangalia. Jioni mnakaa chini kuhesabiana: mtaji uko wapi, faida ni ipi, hasara imetoka wapi. Mshirika huyo ni nafsi yako, na mtaji ni umri wako.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa. Sharti, hesabu, nafsi: maneno yote matatu tunayo, na tuliyapata kwa jirani huyohuyo. Lakini kilicho cha thamani zaidi katika mfano wa al-Ghazali ni shaka yake. Unamhesabia mshirika kwa sababu anaweza kukuibia. Nafsi ikiachiwa kalamu na daftari, itaandika inavyotaka. Kwa hiyo anataka hesabu ifanywe na mtu asiyeamini kwa urahisi anachoambiwa, hata pale anayemwambia ni yeye mwenyewe.

Franklin hakuwa na shaka hiyo. Aliamini kwamba, akiketi jioni na penseli, atayaona makosa yake. Wahenga wetu wangemwambia mapema: nyani haoni kundule.

* * *

Kuna jambo dogo katika masimulizi ya Franklin ambalo kwangu ni ufunguo wa habari nzima. Orodha yake ya kwanza haikuwa na sifa kumi na tatu. Zilikuwa kumi na mbili. Ya kumi na tatu, unyenyekevu, aliongezewa na mwingine. Rafiki mmoja wa madhehebu ya Quaker alimweleza kwa upole kwamba watu wanamwona mwenye kiburi, kwamba katika mazungumzo haridhiki kuwa na hoja sahihi mpaka amwangushe mwenzake, akamtolea mifano kadhaa. Franklin akakubali, akachora mstari mpya.

Jioni zote zile za kujikagua peke yake hazikumwonyesha kiburi chake. Rafiki alimwonyesha kwa mazungumzo tu. Baada ya hapo kidaftari kilifanya kazi yake vizuri, kwa maana sasa kilikuwa na mahali pa kutia nukta. Mwenyewe alikiri kwamba hakuushinda moyo wa kiburi, ila alijifunza kuzungumza kwa staha zaidi, na kwamba hilo lilimsaidia sana alipoingia kwenye mabaraza.

Mstari wa kumi na nne nao ulimjia mlangoni, na mapema. Mwaka 1737 kiwanda chake kilichapa kitabu cha Benjamin Lay, Quaker mwingine, mtu mfupi wa kimo aliyeishi pangoni nje ya mji na kukataa kula nyama. Kitabu kiliwashutumu bila kumung'unya maneno wote wanaowaweka wenzao utumwani, wakiwamo wazee wa madhehebu yake mwenyewe. Franklin alikichapa, akapokea malipo yake, na jina la mchapaji halikuwekwa kwenye jalada. Gazeti lake, Pennsylvania Gazette, liliendelea kuchapa matangazo ya watumwa wanaouzwa na ya watumwa waliotoroka. Herufi za kitabu na herufi za matangazo zilipangwa katika nyumba moja.

Mwaka 1757 alisafiri kwenda London na mwanawe William. Walifuatana na watumwa wawili, Peter na King. King alitoroka. Katika barua kwa mkewe mwaka 1760, Franklin alieleza kwamba kijana huyo alipatikana Suffolk, kwa mwanamke mmoja aliyempeleka shule, akafundishwa kusoma na kuandika na hata kupiga fidla. Barua inasimulia hayo kwa sauti tulivu, kama mtu anayetoa habari za mizigo iliyochelewa. Tukichukua mistari kumi na mitatu na kuitafuta siku ile King alipotoroka, hatujui ingeingia wapi. Si kosa la ulevi, si la uchafu, si la uvivu. Haki ilikuwamo, mstari wa nane, lakini Franklin aliieleza kama kutomdhuru mtu na kutomnyima anachostahili, na jamii iliyomlea ilikwisha kumjibia swali la nani anastahili nini.

* * *

Ili kuona umbali ambao mazoea ya kila siku yanaweza kwenda bila kumgusa mtu, inatosha kumtazama mwenzake wa zama zile. Thomas Thistlewood, Mwingereza, alifika Jamaika mwaka 1750 akawa nyapara kwenye shamba la miwa, kisha mmiliki wa ardhi na watu. Aliandika shajara karibu kila siku mpaka alipofariki mwaka 1786. Imesalia, zaidi ya kurasa 10,000, na leo inahifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale. Ndani yake kuna hali ya hewa, vitabu alivyosoma, mbegu alizopanda. Kuna pia viboko na mateso aliyowapa watumwa, na kila mara alipowaingilia wanawake aliowamiliki, mahali na saa, kwa Kilatini kifupi, mkono hautetemeki.

Kama uthabiti peke yake ungekuwa ndio wema, Thistlewood angekuwa mtakatifu. Alikuwa na nidhamu ya kuandika ambayo wengi wetu tunaitamani. Alichokosa ni swali. Kurasa zake zinajibu "nini kilitokea leo," siku baada ya siku kwa miaka thelathini na sita, na haziulizi kilimtokea nani, wala kwa mkono wa nani. Wanahistoria wanazitumia leo kama ushahidi dhidi yake. Aliutunza mwenyewe bila kujua kwamba ni ushahidi.

Na kabla hatujawanyooshea vidole watu wa Atlantiki, tukumbuke bahari yetu. Mwaka 1776, mwaka ambao Franklin alikuwa kwenye kamati iliyoandaa Azimio la Uhuru la Marekani, sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Hapa pia palikuwa na watu walioijua hesabu, waliolijua neno nafsi, waliosali kwa saa zake. Mkataba uliandikwa, na bei ya kila mtu ikatajwa.

* * *

Franklin alibadilika, na namna alivyobadilika inastahili kutazamwa polepole.

Mwaka 1751 aliandika insha kuhusu ongezeko la watu, ikachapishwa mwaka 1755. Humo alidai kwamba karibu kila mtumwa ni mwizi kwa maumbile yake. Insha ilipochapishwa tena mwaka 1769 sentensi hiyo ilikuwa imerekebishwa: sasa wizi ulitokana na hali ya utumwa yenyewe. Ni maneno machache tu, lakini lawama ilikuwa imehama kutoka kwa mtumwa kwenda kwenye utumwa.

Katikati ya matoleo hayo mawili kuna siku moja shuleni. Mwaka 1763, akiwa amerudi Philadelphia, alitembelea shule ya watoto weusi iliyofadhiliwa na shirika la hisani la Uingereza ambalo naye alikuwa mwanachama wake. Watoto wakapimwa mbele yake. Mwezi Desemba aliandika barua kwamba ametoka na maoni ya juu zaidi kuhusu uwezo wa watu weusi kuliko aliyokuwa nayo zamani, na kwamba kwa kila hali wanalingana na watoto weupe. Akaongeza kwamba huenda msomaji wake atashangaa kwa nini aliwahi kulitilia shaka jambo hilo. Hapo akasema hatajaribu kuzitetea dhana zake za awali, wala kuzitolea hesabu.

Wala kuzitolea hesabu! Mtu aliyejihesabu kwa nukta nyeusi tangu ujana, aliyejua wiki ipi alikula kupita kiasi, hakuweza kueleza alipata wapi imani kwamba watoto wale hawawezi kusoma. Hakuwahi kuikagua kwa sababu haikuwa na mstari. Na ilipovunjika, ilivunjwa na watoto waliosimama mbele yake wakisoma.

Hata hivyo hakuwaacha huru watumwa wake kesho yake. Miaka ilipita. Anthony Benezet, mwalimu wa Philadelphia aliyefundisha watoto weusi na kuandika vitabu dhidi ya utumwa, alimwandikia barua, naye akajibu. Mwaka 1772 Franklin alichapisha katika gazeti la London, bila kuweka jina lake, makala iliyouliza kama utamu wa sukari kwenye chai unalingana na damu inayomwagwa ili ipatikane. Mwaka 1787 alikubali kuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kukomesha utumwa. Februari 1790 alitia saini ombi la chama hicho kwa Bunge jipya la Marekani. Bunge halikuchukua hatua, na mbunge James Jackson wa Georgia akasimama kuutetea utumwa. Mwezi Machi, Franklin, mgonjwa kitandani, alichapisha kejeli: hotuba ya kubuni ya kiongozi wa Algiers anayetetea kuwafanya Wakristo watumwa, kwa hoja zilezile za Jackson. Alifariki tarehe 17 Aprili, akiwa na miaka 84. Katika wasia wake alimsamehe mkwewe Richard Bache deni kubwa, akimtaka kwa ajili hiyo amwachie huru mtumwa wake aitwaye Bob.

Kutoka kitabu cha Lay hadi ombi la Bungeni ni miaka hamsini na mitatu. Ni polepole mno, na walioilipia miaka hiyo ni Peter, King, Bob na wengine ambao hatuna shajara zao. Sisemi hivi ili kumsafisha. Nasema kwa sababu kuna watu wa zama zake waliofika mapema zaidi bila kidaftari chochote, akiwamo yule mfupi wa pangoni.

* * *

Kwa hiyo tuliache zoea hili? Hapana. Franklin mwenyewe alikiri kwamba baada ya muda alipunguza mizunguko, ikawa mmoja kwa mwaka, kisha mmoja kwa miaka kadhaa, mpaka safari na shughuli zikamfanya aache kabisa, ingawa kidaftari aliendelea kukibeba. Sifa ya utaratibu ilimshinda maisha yote. Pamoja na hayo aliandika uzeeni kwamba jaribio lile lilimfanya mtu bora na mwenye furaha zaidi kuliko ambavyo angekuwa bila kujaribu. Ninamwamini. Mtu aliyezoea kila jioni kusema "hapa nimekosea," hata kwa mambo madogo, ana shingo laini kidogo pale kosa kubwa linapotajwa. Huenda ndiyo maana alipowaona watoto wa ile shule aliweza kuandika kwamba alikuwa amekosea, badala ya kutafuta kisingizio.

Ukitaka kuanza, mambo ya kuiga yako wazi. Saa moja isiyobadilika, kama taa ya Seneca. Kifaa kisichokusumbua, kama vibao vya pembe. Masharti ya asubuhi na hesabu ya jioni, kama mfanyabiashara wa al-Ghazali. Dakika kumi zinatosha. Siku ukiruka, anza ya kesho bila kujitungia mashtaka marefu.

Ila usichore mistari yote mwenyewe. Acha mmoja wa chini kabisa ukiwa mtupu, na mara moja kwa mwezi muulize mtu anayeishi karibu na maisha yako aujaze: dada yako, mwenzako wa chumbani, au msichana anayekuoshea vyombo, ikiwa una uhusiano unaomruhusu akujibu kweli. Muulize ni nani anayelipia utulivu wako. Ukilipata jibu, usilijadili usiku huo. Liandike kwenye mstari wake, na kuanzia kesho jioni litilie nukta zake kama mengine.